UZI: Nani hasa hununua bima binafsi ya afya hapa Dodoma, mzee anayeumwa au mtoto wake aliyesoma?

Zabibu_Chungu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna hoja inazunguka sana kwenye semina za hapa mjini: watu wakizidi kuzeeka na kuzidi kusoma, bima binafsi ya afya itajiuza yenyewe. Umri unaleta maradhi, elimu inaleta akili ya kujikinga, jumlisha upate wateja. Nakubali nusu yake.

Mwaka 1972 mchumi Michael Grossman aliiweka hivi: afya ni mtaji unaochakaa, na kasi ya kuchakaa inaongezeka na umri, hivyo mzee hutumia huduma nyingi zaidi kuulinda. Aliyesoma anaulinda kwa gharama ndogo zaidi kwa kuwa anajua lini aende hospitali na dawa ipi asiikatishe. Nadharia imetulia. Shida ni kwamba inamchukulia mtu mmoja mwenye umri wake na elimu yake, na kwetu vitu hivyo vimegawanyika kwa vizazi. Mwenye miaka 72 leo kule Mpwapwa alifikia umri wa kuanza shule mwanzoni mwa miaka ya 1960, shule zikiwa za kuhesabu na UPE (elimu ya msingi kwa wote) ya 1977 bado haijaja. Anayeweza kusoma masharti ya bima ni mwanawe, yuko ofisini Mtumba kwenye mji wa serikali, ana miaka 35 na presha yake iko sawa. Mwenye hitaji ni mmoja, mwenye kalamu ni mwingine.

Halafu elimu yenyewe mara nyingi haiingii kwa mlango wa uelewa, inaingia kwa mlango wa ajira. Aliyeajiriwa serikalini anakatwa asilimia 3 ya mshahara wa msingi, mwajiri anaongeza 3, anapata kadi ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) yeye, mwenza na wategemezi wanne. Hakuulizwa anataka au hataki. Wakati muswada wa Bima ya Afya kwa Wote unajadiliwa mwaka 2022, takwimu zilizotolewa zilikuwa takriban asilimia 15 ya Watanzania wana bima ya aina yoyote, na bima binafsi kama asilimia 1 hivi. Na hao wa asilimia 1, wengi ni kadi za mwajiri. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kwamba wenye digrii wana bima kuliko wa darasa la saba, muulize kwanza: wangapi kati yao walitoa hela mfukoni?

Naomba walio ndani ya bima, hospitali na ofisi za utumishi wamwage vitu vinavyoshikika. Siasa za kitita (orodha ya huduma zinazolipiwa na NHIF) zina uzi wake.

Dawati_la_Madai

Mkuu umegusa penyewe. Ngoja niongeze nyama upande wa fomu na kaunta, maana umri unaonekana huko kabla ya kwenye chati.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo ya kwanza kuleta kizaazaa. Wazee wengi NIDA inasoma 1 Januari au 1 Julai ya mwaka fulani kwa sababu siku yenyewe haikujulikana, kadi ya mpiga kura ina mwaka mwingine, kadi ya kliniki ina mwaka wa tatu. Kampuni inashika ya NIDA. Tofauti ya miaka miwili inamtoa mtu kundi la 56 hadi 60 na kumtupa 61 hadi 65, bei inaruka. Uliza pia kama kampuni inahesabu umri kwa siku ya kuzaliwa iliyopita au ijayo. Mwenye 60 na miezi saba, kwa hesabu ya pili, ni wa 61, na pengine ndio mwisho wa kupokelewa kama mwanachama mpya.

Pili, vidole. Mikono iliyoshika jembe miaka hamsini imefutika mistari. Kifaa kinakataa, foleni nyuma inaguna, mhudumu anamfuta mzee kidole kwa kitambaa chenye unyevu, anajaribu gumba, anajaribu cha kati, kifaa kinakataa tena. Siku ya kusajili omba vidole vyote kumi vichukuliwe na picha ya uso ipigwe vizuri, kisha uliza kwa maandishi: vidole vikigoma, anathibitishwa kwa njia gani? Jibu lisipatikane siku ya dharura.

Tatu, na hii ndiyo inayoua madai, ni tamko la afya. "Una presha?" Mzee anajibu hapana. Hadanganyi. Alipewa dawa za mwezi, akazimaliza, akajiona amepona. Miezi minne baadaye anapata kiharusi, kampuni inavuta faili la kliniki, inakuta 170/100 ya miaka miwili nyuma. Dai linakataliwa kwa kuficha taarifa. Anayejaza fomu kwa niaba ya mzee asijaze kwa simu. Achukue daftari la kliniki, alisome lote, ampeleke mzee apimwe presha, sukari na mkojo, ndipo aandike. Ukiandika ukweli utapewa muda wa kusubiri kabla ugonjwa huo haujaanza kulipiwa, au utaongezewa bei, lakini unachonunua kitakuwa bima kweli.

Elimu inayohitajika hapo ni ya kusoma daftari la kliniki. Shahada ya uhandisi haisaidii sana.

Hesabu_Ipagala

Niweke namba, za mfano tu, ili watu waone kwa nini kampuni zinafunga mlango kwenye sitini na kitu.

Watu 100 kwenye kapu moja. Vijana 80, kila mmoja anatarajiwa kugharimu 100,000 kwa mwaka. Wazee 20, kila mmoja 500,000. Jumla ni milioni 8 na milioni 10, yaani milioni 18. Bei ya wote ikiwa moja, bila faida wala gharama za ofisi, ni 180,000.

Kijana anapiga hesabu: nalipa 180,000 kwa kitu cha 100,000. Vijana 40 wanatoka. Sasa gharama ni milioni 14 kwa watu 60, bei 233,000 na ushee. Wanatoka vijana wengine 20. Milioni 12 kwa watu 40, bei 300,000. Hakuna aliyeugua zaidi ya mwaka jana, ila bei imepanda kwa theluthi mbili.

George Akerlof mwaka 1970, kwenye makala yake ya soko la magari mabovu, alitumia mfano huu huu: kwa nini Mmarekani aliyevuka 65 alipata taabu kununua bima ya matibabu kwa bei yoyote ile. Kila bei inavyopanda, wanaobaki ni wale wenye uhakika wa kuitumia.

Kwetu tuliona kwa watoto, siyo kwa wazee. Toto Afya Kadi ilikuwa 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, watoto wakaelekezwa waje kwa makundi kupitia shule, kwa hoja kwamba wengi waliokuwa wakisajiliwa ni ambao tayari wanaumwa. Mzazi aliyesajili mtoto mgonjwa hana kosa, kafanya kinachoingia akilini. Mpango ndio haukuwa na ukuta.

Ukuta huwa wa aina tatu: muda wa kusubiri, kusajili kwa kundi zima, au bei kwa umri. Vifurushi vya NHIF vya Novemba 2019 vilichagua bei kwa umri: mtu mmoja alianzia 192,000 kwa kijana kwenye kifurushi cha chini, hadi 984,000 kwa mwenye 60 na zaidi kwenye cha juu. Mfuko wa umma huo. Kampuni binafsi, yenye wanahisa, usiitegemee iwe laini kuliko hapo.

Kibaigwa_Mizani

Mnazunguka mbuyu. Ni hela tu. Mfanyabiashara wa mahindi pale sokoni Kibaigwa, darasa la saba, ana fuso mbili, anaweza kulipia bima kuliko mwalimu mwenye digrii. Elimu imeingiaje?

Zabibu_Chungu

Mkuu Kibaigwa, anaweza, na mara nyingi halipi. Hapo ndipo pa kuchimba. Huyo mfanyabiashara anajikatia bima mwenyewe: ana ng'ombe, ana mzigo ghalani, ana watu wa kumkopesha leo hii kwa simu. Kwa malaria, kujifungua kwa kawaida, hata upasuaji wa ngiri, mpango wake unafanya kazi. Unakwama kwenye ugonjwa usioisha. Figo zikifeli, kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, mizunguko 156 kwa mwaka. Weka hata 150,000 kwa mzunguko kwa mfano, ni milioni 23.4, na mwaka unaofuata tena. Fuso moja imekwenda. Kuiona hatari ya namna hiyo kabla haijafika ndiko elimu inakosaidia, na hapo sizungumzii cheti.

Kingine ni msimu. Hela ya alizeti na mahindi inaonekana Juni hadi Agosti. Sheria ya bima inataka ada iingie kwanza ndipo kinga ianze, kwa hiyo wakala anayepita Bahi au Kongwa mwezi Januari, watu wakinunua mbegu na chakula, atarudi na orodha ya ahadi. Atasema wanakijiji hawana elimu ya bima. Angepita Julai.

Hesabu_Ipagala

Niongeze kwa Kibaigwa. Ukitaka kutenganisha elimu na mshahara, ondoa wote wenye bima ya mwajiri, kisha linganisha wasio na ajira rasmi wenye kipato kinachokaribiana. Hapo athari ya elimu hupungua sana. Haifiki sifuri, ila ile ya kwenye mabango haipo.

Na kuna jambo linaloshangaza wengi. Hanming Fang, Michael Keane na Daniel Silverman mwaka 2008 waliangalia wazee wa Marekani wanaonunua Medigap, bima binafsi ya kujazia Medicare, ile bima ya serikali kwa wazee. Kwa nadharia ya Akerlof ungetegemea wanunuzi wawe wagonjwa zaidi. Walikuta wenye Medigap walikuwa na gharama ndogo za matibabu kuliko wasio nayo, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa uwezo wa akili wa kuchambua mambo. Wenye kuelewa ndio walionunua, na ndio hao hao wenye afya bora. Kwa kampuni, mteja mzee aliyesoma ni wa kumgombania.

Utumishi_AreaD

Upande wa waajiri wadogo (mashirika, shule binafsi, kampuni za ujenzi), mgogoro wa umri unatokea siku wafanyakazi wanapoomba wazazi waingizwe kwenye kadi.

Mfano. Wafanyakazi 25 na familia zao, ada milioni 40, madai ya mwaka milioni 34. Uwiano wa madai ni asilimia 85. Kampuni ikitaka asilimia 70, itaomba ongezeko la kama asilimia 21, kabla ya kuongeza kupanda kwa bei za hospitali. Sasa ingiza wazazi 10 kwa ada ya milioni 9, wakatumia milioni 15. Ada milioni 49, madai milioni 49, uwiano asilimia 100. Ongezeko linaloombwa linakaribia asilimia 43 kwa wote, pamoja na kijana wa mapokezi ambaye wazazi wake hawamo. Hapo kikao kinakuwa kirefu.

Dawa iliyozoeleka ni kuwatenga wazazi kwenye kapu lao, lenye kikomo chake cha kulazwa na cha wagonjwa wa nje, na bei yake ya mwaka unaofuata isiguse kapu la wafanyakazi. Mwajiri analipa ada yote mwanzo, anakata kwenye mshahara kwa miezi 10. Dirisha linafunguliwa mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa kuhuisha mkataba. Mkiruhusu kuingiza mzazi mwezi wowote, mtaletewa mzazi akiwa tayari kitandani. Na mgonjwa wa nje kuchangia mwenyewe asilimia 10 au 20 ya bili kunapunguza matumizi ya hovyo, ila msikuweke kwenye dawa za presha na sukari. Mzee akiacha amlodipine kwa kukwepa elfu mbili, kiharusi kinalipwa kwa mamilioni kwenye kapu hilo hilo.

Nzuguni_B

Kwani hakuna nchi iliyotatua? Kijana aingie mapema, akizeeka asiadhibiwe?

Hesabu_Ipagala

Australia, tangu Julai 2000. Bima binafsi ya kulazwa haipangi bei kwa umri wala ugonjwa, lakini ukichelewa kujiunga baada ya miaka 30 unaongezewa asilimia 2 kwa kila mwaka uliochelewa, hadi asilimia 70, na nyongeza inaondoka baada ya miaka 10 mfululizo ya kulipa. Kijana anaona faida ya kuingia leo. Inahitaji kumbukumbu za uanachama zinazohamishika kutoka kampuni moja hadi nyingine. Hapa ukihama kampuni unaweza kuanza kusubiri upya, labda uwe na barua ya kampuni ya awali na usiache pengo. Ombeni hiyo barua kila mnapohama, hata kama hamjaulizwa.

Dawati_la_Madai

Na tusisahau mshindani wa bima binafsi kwa wazee: matibabu bure. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtaja mzee kuwa wa miaka 60 na kuendelea, ikaweka matibabu bila malipo kwa wasiojiweza. Chini yake tukawa na CHF (mfuko wa afya ya jamii) iliyoboreshwa ya 2018, iliyotokana kwa sehemu kubwa na majaribio ya hapa hapa Dodoma, ada ikiwa 30,000 wakati huo kwa kaya ya watu sita. Mtoto mjini anajiuliza: nilipe mamilioni wakati mzee ana dirisha lake? Anapata jibu siku mzee anapoandikiwa dawa ya kununua nje.

Zabibu_Chungu

Na hiyo hesabu ya vizazi inabadilika, kwa wanaosubiri soko. Aliyeanza shule na UPE mwaka 1977 akiwa na miaka saba anafika 60 mwaka 2030. Mzee wa kuanzia hapo anasoma ujumbe wa simu mwenyewe na anauliza kwa nini amekatwa. Wakala aliyezoea kuongea na mtoto tu atapata tabu.

Nzuguni_B

Sasa kwa vitendo wakuu. Mtu yuko Dodoma mjini, mzazi ana miaka 68, presha na sukari, anaishi Kondoa. Aanzie wapi?

Dawati_la_Madai

Aanze na ndugu, bei baadaye. Kwenye familia kuna mtumishi wa umma? NHIF inaruhusu wazazi na wakwe ndani ya wale wategemezi wanne. Mwenye watoto wanne nafasi zimeisha, lakini mdogo wake mwalimu ambaye hajazaa ana nafasi nne tupu. Gawaneni: baba kwa huyu, mama kwa yule. Angalizo, ndugu huyo akija kupata watoto asimtoe mzazi kimyakimya. Mzee aliyetolewa akiwa na 71 hana kampuni itakayompokea.

Kama hakuna mtumishi, angalieni kapu la wazazi kwa mwajiri yeyote wa familia. Kundi hupokea umri na magonjwa ambayo fomu ya mtu mmoja hukataa.

Likishindikana hilo ndipo mwende kampuni binafsi au kwa dalali wa bima mwenye leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Maswali yafuatane hivi: mnapokea mwanachama mpya hadi umri gani, na mnahuisha hadi umri gani? Hayo ni maswali mawili tofauti. Kisha: hospitali gani za Kondoa zinapokea kadi? Kadi inayofanya kazi Dodoma mjini tu inamaanisha nauli ya kwenda na kurudi kila mwezi kwa dawa za siku 30. Muda wa kusubiri kwa ugonjwa uliokuwepo ni miezi mingapi? Magonjwa ya kudumu yana kikomo kidogo ndani ya kikomo kikubwa? Hapo wengi wanaliwa: kadi imeandikwa milioni 20 za kulazwa, dawa za kudumu zina laki nne kwa mwaka, zinaisha mwezi wa tano. Mtoto wa jicho, tezi dume, vyuma vya nyonga, kila kimoja uulize kwa jina lake na ujibiwe kwa barua pepe.

Wakati wa kusubiri ukiendelea, mzee asiache kliniki yake ya sasa, na fedha ya dawa iendelee kutengwa pembeni.

Nzuguni_B

Shukrani sana. Na dai likikataliwa?

Dawati_la_Madai

Omba barua ya kukataliwa yenye namba ya kipengele cha mkataba. Andika malalamiko kwa kampuni, ambatanisha mkataba, fomu uliyojaza, kibali cha matibabu kama kilitolewa, na nakala ya faili la hospitali. Wasipojibu au wakishikilia msimamo, nenda TIRA, makao makuu yapo hapa Dodoma, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Simu ya "wamekataa" haitoshi. Bila ile barua yenye kipengele utarudishwa kuitafuta.